Sauti ya Bonareri Katika Katuni Yangu

Katika chuo cha ufundi nilikosomea, upande wa Kenyenya, hatukuanza kwa kushona. Tulianza kwa kupima. Mwalimu alitutaka tumpime mtu mara mbili, tuandike, kisha tumpime mara ya tatu bila kutazama tulichokiandika. Vipimo visipolingana, mkasi haugusi kitambaa. Wenzangu walinung'unika. Mimi utaratibu huo niliupenda tangu siku ya kwanza. Mimi si mtu wa maneno mengi, na hiyo ilikuwa kazi inayomwacha mtu anyamaze bila kuulizwa ana nini.

Nilipohitimu nilirudi kwetu Ikonge, nikakodi chumba nyuma ya maduka ya soko, nikaweka cherehani mbili na meza ya kukatia. Vitambaa nilivifuata soko la Daraja Mbili kila mwisho wa mwezi. Kazi iliyonipa jina ilikuwa sare za chekechea iliyo karibu na kanisa letu la Waadventista: marinda ya miraba ya kijani na nyeupe kwa wasichana, kaptura za kijani kwa wavulana. Nilipokwenda kuwapima, watoto walipanga foleni na kunyoosha mikono kabla sijawaambia. Walinizoea. Walioshonewa sare mwaka uliotangulia waliwaeleza wageni kwamba tepu ya fundi inatekenya tu, haiumi.

Jirani yangu aliitwa Damaris. Alikuwa akichuma majani chai katika mashamba ya watu, na hakuweza kurudi nyumbani kabla majani hayajapimwa kituoni, jambo ambalo mara nyingi lilimchelewesha hadi saa kumi na moja. Mtoto wake wa pekee, Bonareri, alikuwa na miaka mitano na nusu. Chekechea ilipofungwa saa sita na nusu, Bonareri alikuja moja kwa moja kwangu, akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa na kunywa chai yake ya maziwa. Damaris hakuwahi kuniuliza mtoto alishindaje. Aliniamini kiasi hicho.

Nilimfundisha Bonareri kuhesabu kwa tepu. Aliitandaza sakafuni, akaitembezea kidole inchi kwa inchi, kutoka moja hadi sitini. Alipoimudu safari hiyo akaanza kurudi kinyumenyume, na hapo akawapita wenzake wote wa darasani.

"Anti, nirudi nyuma?"

"Rudi."

Naye alirudi, kwa sauti nyembamba, iliyo sawa, isiyojikwaa.

Miezi hiyo nilikuwa nimezama katika filamu fupi za katuni ambazo niliziona kwenye simu. Zilikuwa na sura ya utoto: nyumba za rangi laini, keki, wanasesere, nyimbo za kubembeleza. Dakika ya kwanza ungeweza kumwonyesha mtoto yeyote. Kisha kitu kidogo kinakaa vibaya, mlango ambao haukuwapo, tabasamu linalochelewa kufunga, na unagundua kwamba utamu wote ule uliwekwa pale ili uogope zaidi. Nilizitazama kama ninavyolitazama vazi la fundi mwingine. Nilizigeuza ndani nje, nikatafuta mahali mshono ulipoanzia. Niliona kwamba ninaweza.

Nilimshona mwanasesere wa urefu wa mkono, nikamtia waya mwilini ili akae nilivyomkunja, nikamvika rinda la mabaki ya sare za chekechea kwa sababu ndiyo mabaki niliyokuwa nayo kwa wingi. Jumapili mchana, nilipokuwa sina wateja, niliziba dirisha kwa blanketi, nikawasha taa mbili, nikamsogeza mwanasesere upana wa punje ya mchele na kumpiga picha, nikamsogeza tena, nikampiga tena. Picha kumi na mbili zilizaa sekunde moja. Filamu nzima ya dakika tatu ilinichukua wiki tisa.

Niliipa jina la "Fundi Mdogo". Mwanasesere anaingia nyumbani mwa watoto wanaolala mchana, anawapima kwa tepu huku akihesabu kurudi nyuma, na kila inchi anayoitaja mtoto anapungua inchi moja. Hakuna damu wala kelele. Mwishoni rinda dogo limeangikwa msumarini, vitanda ni vitupu, na kikapu cha mabaki ya vitambaa kinapumua.

Ilibaki sauti. Siku moja nilimweka Bonareri mbele ya simu.

"Hesabu kutoka arubaini, polepole, kama unamlaza mtu usingizi."

"Nani analala?"

"Mwanasesere wangu hana sauti. Tumkopeshe yako."

Aliwaza kidogo. "Atairudisha?"

"Atairudisha."

Akahesabu, na alipofika mwisho akacheka. Kicheko hicho sikukikata. Nilikiacha juu ya picha ya kikapu kinachopumua, na nilipoisikiliza kazi yangu nilijua kwamba hicho ndicho kilichoikamilisha. Mama yake sikumwomba ruhusa. Ningeweza kusema kwamba sikulifikiria jambo hilo, lakini nililifikiria, nikaona angekataa, nikanyamaza.

Niliipandisha mtandaoni kwa jina la kubuni. Kwa majuma mawili watu elfu arobaini waliitazama. Mmoja aliandika kwamba hajamwacha mwanawe alale mchana tangu aione. Mwingine aliuliza wapi nilimpata mtoto mwenye sauti ya kuogofya hivyo. Nilisoma maoni hayo cherehani ikiwa imesimama, na nilifurahi. Kila kilichofuata kinanitia aibu, lakini furaha ile ndiyo ninayoona haya zaidi kuitaja.

Mwezi wa tano chekechea iliagiza sare mpya, kwa kuwa watoto walikuwa wengi kuliko mwaka uliopita. Nilikwenda kama kawaida. Mwalimu Bathsheba, ambaye pia huwafundisha watoto hao Shule ya Sabato, aliwapanga foleni. Wa kwanza alikuwa mvulana aliyeitwa Masese. Nilipoitoa tepu shingoni alirudi nyuma hadi akagonga ukuta.

"Sitaki. Atanifupisha."

"Nani akufupishe, Masese? Huyu si fundi wetu?" Mwalimu alisema huku akicheka.

Masese hakucheka. Alijikojolea. Nyuma yake msichana mmoja akaanza kulia, kisha wawili, kisha foleni nzima ikavunjika, na watoto niliokuwa nimewavisha mimi mwenyewe wakajificha chini ya meza wakiwa wamezishika nguo zao kwa mikono miwili.

Mwalimu aliwauliza taratibu. Majibu yalikuja vipande vipande. Kulikuwa na katuni. Walikuwa wameiona nyumbani, kwenye simu za mama zao. Ilitoka kwa Duncan, kijana mwenye kibanda cha simu pale sokoni, ambaye huwajazia wazazi katuni za mtandaoni kwenye kadi za simu ili watoto watulie. Mwanasesere alivaa sare yao. Alikuwa na tepu.

"Na ni Bonareri anahesabu," Masese alisema kutoka chini ya meza.

"Ni Bonareri, ni Bonareri," wengine wakaitikia. "Ukikaa naye unakuwa mfupi."

Bonareri alikuwa amesimama peke yake katikati ya chumba. Hakuwa na hofu. Nadhani alikuwa mtoto pekee mle ndani asiyeogopa.

"Ni wewe, Bonareri?" Mwalimu aliuliza.

"Ni mimi. Nilimhesabia Anti."

Mwalimu Bathsheba alinigeukia. Tulikuwa tumeketi benchi moja kanisani kwa miaka minne. Alichohitaji ni neno moja tu kutoka kwangu.

"Watoto husema mambo mengi," nilimjibu.

Nilisema hivyo kwa utulivu kabisa, huku nikiikunja tepu. Mwalimu akatikisa kichwa, akamwambia Bonareri kwamba kumsingizia mtu mzima ni jambo baya, na kwamba mama yake ataambiwa. Bonareri alinitazama. Hakuwa na hasira. Alisubiri, kama mtu anayejua kwamba mwenzake amesahau kitu na atakikumbuka sasa hivi.

Niliporudi sokoni nilipita kibandani kwa Duncan. Mama wawili walikuwa wanaondoka huku bado wakimfokea.

"Hata wewe umekuja kunisomea, fundi?" Duncan aliniuliza. "Subiri zamu yako. Nimesomewa tangu asubuhi, imebaki tu niombewe."

"Sikuja kwa hilo."

"Ati nimewaletea watoto mashetani. Mimi niliona mwanasesere, nikasikia hesabu, nikasema hii inafundisha, hii weka. Nani ana muda wa kutazama katuni hadi mwisho?" Akafuta jasho. "Lakini aliyeitengeneza huyo, fundi, huyo hana mtoto. Mtu mwenye mtoto hawezi."

"Labda," nilisema, nikanunua salio nisilolihitaji, nikaenda zangu.

Saa kumi na moja Damaris alifika mlangoni mwangu akiwa bado na kikapu mgongoni. Mwalimu alikuwa amemkuta njiani. Hakuingia. Alimwita mtoto akiwa pale pale kizingitini.

"Bonareri, kuja hapa. Umesema nini leo juu ya Anti yako?"

"Nilisema nilimhesabia."

"Anti anayekunywesha chai kila siku. Anti aliyekushonea nguo ya Sabato bila kuniuliza hata shilingi. Ndiye unayemtengenezea uongo mbele ya watu?"

"Sikusema uongo, mama."

"Piga magoti."

Alipiga magoti juu ya vipande vya vitambaa vilivyoanguka kutoka mezani kwangu. Damaris hakuwa mkali kwa desturi. Sauti yake ilitetemeka alipomwelekeza mtoto maneno, na mtoto akayafuata, macho yamefumbwa, viganja vimeshikana: amemkosea Mungu, amesema uongo, anaomba asamehewe. Amina.

"Sasa mwombe na Anti."

"Anti, nisamehe."

Ningeweza kusema wakati huo. Hata mtu asiye na akili nyingi angeweza kusema wakati huo. Nilikuwa nimeshika pasi ya moto, na nakumbuka niliiweka chini kwa uangalifu ili isiunguze kitambaa.

"Nimekusamehe," nilimwambia.

Jioni ile niliiondoa filamu mtandaoni na kumfungua mwanasesere mshono kwa mshono, nikijiambia kwamba hayo yanatosha. Hayakutosha. Kadi za Duncan zilikwisha kufika Nyamira mjini na vijijini kote, na watoto hawakuhitaji tena katuni kwa kuwa walikuwa na Bonareri. Njiani walimkimbia. Wakubwa kidogo walimfuata nyuma wakihesabu kinyumenyume kwa sauti nyembamba. Nilimwona mmoja akimpima kwa kamba ya mgomba.

Aliendelea kuja kwangu, maana mama yake hakuwa na pengine pa kumwacha. Lakini hakukaa tena juu ya gunia. Alikaa karibu na mlango, chai ikapoa. Siku moja, kwa kutaka kuupunguza uzito uliokuwa kifuani mwangu, nilimtandazia tepu.

"Njoo uhesabu."

"Sijui kuhesabu."

"Unajua sana, Bonareri."

"Nilidhani ninajua. Kwenye katuni si mimi. Nilidhani ni mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Kuwatisha watoto wa watu ni jambo ambalo ningeweza kulisema na kulijutia. Huyu nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokijua kwa hakika, na Mungu akashirikishwa kama shahidi wangu. Hata hivyo nilikaa siku nyingine kumi na moja bila kusema.

Kanisani kwetu, Sabato ya kumi na tatu ya kila robo ya mwaka ndiyo siku ya watoto. Asubuhi husimama mbele na kukariri mafungu yote kumi na matatu ya Biblia waliyojifunza, moja kwa kila Sabato. Baadaye, watu wazima hutawadhana, yaani huoshana miguu, kabla ya meza ya Bwana, wanaume upande wao na wanawake upande wao.

Bonareri aliyajua mafungu yote. Tangu mwezi wa nne nilikuwa nikimsikia akiyarudia peke yake, kila juma akiongeza moja. Zamu yake ilipofika, alisimama ndani ya nguo nyeupe niliyomshonea, akavuta pumzi. Kutoka benchi la nyuma sauti ya mvulana ilinong'ona: "Arubaini. Thelathini na tisa." Watoto wa mbele wakacheka, na mdogo mmoja akaanza kulia. Bonareri aliuziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Mwalimu Bathsheba alisubiri, akamsihi, kisha akamrudisha kitini kwa kumshika bega. Damaris aliinamisha kichwa. Niliona anaona aibu kwa ajili ya mwanawe, na aibu ile ilikuwa yangu.

Wakati wa kutawadhana ulipofika, wanawake tulikwenda kwenye banda la mabati lililo nyuma ya kanisa. Kwetu ni jambo linalojulikana kwamba mtu uliyemkosea humwambii "niletee maji unioshe" kabla hujamwambia kosa lako. Wako wanaokwepa siku hiyo, wakasingizia homa, kwa sababu hiyo hiyo. Nami nilikuwa naelekea langoni Damaris aliponifikia akiwa na beseni na taulo begani.

"Fundi, unatorokea wapi? Robo iliyopita uliniosha wewe. Leo ni zamu yangu."

Nilikaa. Nilivua kiatu. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli: niliuweka mguu wangu ndani ya maji yake. Aliuosha polepole, hata kati ya vidole, na alipoupangusa aliomba kwa sauti ya chini, akimshukuru Mungu kwa ajili ya dada anayemtunzia mtoto, na akimsihi amlainishe Bonareri moyo ili asiwe mtu wa uongo.

"Lete huo mwingine," alisema.

"Mama Bonareri, usinioshe."

"Una kidonda?"

"Mtoto hakusema uongo. Katuni ile niliitengeneza mimi. Ni sauti yake. Nilimrekodi pale kwangu, na wewe sikukuuliza."

Wanawake waliokuwa karibu waliendelea kuimba. Damaris alibaki amepiga magoti, taulo mkononi.

"Siku ile nilipompigisha magoti," alisema, "wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Akakuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Ukampa."

Nilitazama maji. Damaris alinyanyuka, akayamwaga nje ya banda, akarudi na beseni tupu kwapani.

"Kiatu utavaa baadaye. Njoo."

Nilimfuata nikiwa na kiatu kimoja. Watoto walikuwa uani pamoja na Mwalimu Bathsheba, wanakula mikate yao. Bonareri alikuwa peke yake ngazini. Mama yake alikaa kando yake na kunionyesha kwa kidevu mahali pa kusimama.

"Mwambie. Si mimi, mwambie yeye."

Niliinama hadi nikawa sawa naye. "Bonareri, ulisema kweli. Ni wewe uliyehesabu. Mimi nilidanganya, kwa Mwalimu na kwa mama yako."

Aliniangalia, akamwangalia mama yake ili aone kama maneno hayo yanaruhusiwa.

"Lakini nilishaomba msamaha," alisema.

"Najua."

"Mungu alinisamehe nini?"

Damaris alifunika macho yake kwa taulo ile yenye maji. Nilitafuta jibu ambalo lingenibakizia heshima kidogo mbele ya mtoto huyo. Sikulipata.

"Hakuna," nilimwambia. "Hukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na wewe ukalibeba."

Alilifikiria hilo kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiifikiria namba ngumu. Kisha akasimama, akakung'uta nguo yake.

"Mwalimu hajui," alisema.

"Hajui bado."

"Na Masese hajui."

Alitangulia yeye. Tulipofika, watoto wa karibu walisogea mbali naye, mikate mikononi, naye akasimama pale pale walipokuwa wamesimama, asiende mbele wala nyuma. Mwalimu Bathsheba aliinua macho, akaona mguu wangu usio na kiatu, akamwona Damaris nyuma yangu, na tabasamu lake likaisha.

"Kuna nini, Phanice?" aliniuliza.

Bonareri aligeuka na kuniangalia mimi, si Mwalimu. Alikuwa amekwisha kusubiri hivyo mara moja, katika chumba kile cha darasa, na nikamwacha asubiri. Safari hii nilisema haraka, kabla woga haujanipata, na nikasema kwa sauti ambayo hata watoto waliokuwa mbali kabisa uani waliisikia.